Mama Akifinyanga Polepole

Leo nimetia maji kwenye chungu kipya, na harufu ya udongo ikanirudisha mbele ya ubao.

Mwalimu alitaka sentensi ya Kiingereza inayoanza na mtu akiwa kazini, tena ionyeshe namna anavyoifanya kazi hiyo. Niliandika kwamba, akifinyanga polepole, mama yangu huimba. Sikukosea hata herufi.

Mwalimu alilifuta neno la polepole kwa kiganja. "Hizi ni enzi za soko huria, binti. Ndoo za plastiki zimejaa sokoni Ipinda. Weka neno la haraka."

Darasa likacheka. Vyungu vya mama, vilivyovuka ziwa kwa mtumbwi kutoka kijijini kwake Ikombe kuja kuuzwa, ndivyo vilivyonunua daftari langu. Nikachukua chaki, nikalirudisha neno la polepole. Akafuta. Nikaandika tena.

"Unabishana na mimi?"

"Hapana, mwalimu. Chungu cha haraka kinapasuka motoni. Mama hafinyangi hivyo."

Nilichapwa fimbo nne za mkononi. Kiganja kikiwaka moto, nikarudi ubaoni, na kwa mkono uleule nikaliandika neno lile, herufi moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote.