Pacha Aliyekuwa Zabibu

Mdogo wangu wa kike aliposhika mimba ya kwanza, katika umri ambao ndugu walishachoka kumuuliza, kipimo kilionyesha vitu viwili tumboni. Kabla daktari hajasema ni vitu gani, mama yetu alishafika Mabatini kununua mbeleko mbili za rangi moja. Kwetu Wasukuma mapacha huja na majina yao tayari, la wa kwanza na la wa pili, na mama aliyatangaza Mkolani nzima.

Nikatumwa mimi kumweleza ukweli, kwa kuwa nimesoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wajukuu zangu hawajambo?"

"Ni mmoja, mama. Wa pili si mtoto. Ni kondo la nyuma lililoota vibaya, limejaa vijifuko vya maji. Wanaita mimba zabibu."

"Zabibu za Dodoma zimefikaje humo?"

Nilieleza mpaka chai ikapoa. Mwishowe aliuliza kitu kimoja: "Na huyo mzima, zitamwachia nafasi?"

Sikujua. Daktari naye hakujua. Alisema mdogo wangu anaweza kutokwa damu nyingi, presha ikapanda, na hata baadaye mabaki yakageuka saratani; wengi huamua kuitoa mimba yote. Uamuzi ulikuwa wa mdogo wangu.

"Nimesikia moyo wake unapiga," alituambia. "Mnataka nijifanye sijasikia?"

Akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Nilimpelekea vitabu, akaomba sato wa kuchoma. Mtoto alitolewa kwa upasuaji kabla ya wakati, binti mdogo mno, nikamdhania taulo lililokunjwa. Mama yake hakuwa na nguvu za kukaa, hivyo bibi yake ndiye aliyemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi. Mbeleko moja ikilowa, ya pili ilikuwepo.

"Sasa tumwite nani?" mama aliuliza kwa sauti ya chini. Majina aliyoyatangaza yalikuwa yanamwaibisha.

"Mpe la pacha wa pili," mdogo wangu alisema. "Mwenzake alitaka tumbo lote. Huyu kachukua kilichobaki, akaishi nacho."

Mdogo wangu aliendelea kupimwa damu kwa miezi, mpaka wakamwambia ni salama. Siku hizi binti anakimbia, na kila asikiaye jina lake huuliza pacha wa kwanza yuko wapi. Mimi hukohoa, nikajiandaa kutoa mhadhara. Mdogo wangu hunikanyaga mguu.

"Alitangulia," hujibu, huku akimfuta mwanawe makamasi.