Watoto wa paka niliowakuta kwenye kihenge, Kasulu miaka ya sabini

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu mstaafu, humu huwa nasoma na kupita. Leo nimeona mtu anauliza afanye nini na watoto wa paka aliowaokota nje, nikasema hili nalijua. Sitii chumvi, nawasimulia kama lilivyonikuta.

Nilipangiwa shule ya msingi upande wa Nyakitonto. Binti wa miaka ishirini na mbili, mtu wa Morogoro, Kiha sijui hata salamu.

Ilikuwa kipindi cha watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Jumanne lori lilibeba familia za kitongoji jirani na shule. Kesho yake mchana napita pale, nyumba tupu, milango imeng'olewa.

Nikasikia sauti nyembamba ndani ya kihenge cha kuwekea nafaka.

Watatu. Macho ndiyo kwanza yanafunguka. Wamelaliana juu ya maganda ya maharage.

Nilikaa pale nikimsubiri mama yao mpaka jua likakaribia kuzama. Hakuja. Nikawafunga kwenye khanga, nikaenda nao nyumbani.

Nilikuwa sijawahi kulea hata kifaranga. Jirani yangu Mama Yusta alikuwa na mbuzi aliyezaa, akanipa maziwa kwenye kikombe huku akicheka.

"Mwalimu, kumbe paka nao wana mama mdogo."

Nilichemsha kichupa cha dawa ya macho, nikawa nawadondoshea tone kwa tone. Mama Yusta ndiye aliyenifundisha kuwapangusa huku chini kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Bila hivyo hawakojoi, mnaofuga mlijue hilo.

Alhamisi mmoja alikataa maziwa, yule mdogo kuliko wote. Nikamweka kifuani ndani ya blauzi, nikasahihisha madaftari naye.

Ijumaa asubuhi alikuwa amekufa.

Wakuu, nililia. Nilikuwa sijalia tangu niondoke kwetu, nadhani siku ile nililia vilio vyote kwa pamoja.

Jumamosi asubuhi Mama Yusta alirudi kutoka kijiji kipya, alikolala kwa dada yake. Hata mzigo hajatua, akasema:

"Mwalimu, paka wa Bibi Tereza amefungwa kamba asitoroke. Analia tangu Jumanne. Maziwa yamemjaa."

Bibi Tereza ndiye mwenye kile kihenge. Mjane, anaishi peke yake. Siku ya lori alimkamata paka wake akamtia kwenye kapu. Kwamba amezaa, hakujua. Watoto walikuwa wamefichwa.

Tukawaweka wawili waliobaki kwenye kikapu, tukatembea kwa muda wa karibu saa tatu, na vilima vya kule mnavijua. Kila nikifunua kikapu naogopa nitakachokikuta.

Bibi alikuwa amekaa nje ya kibanda cha nyasi, mizigo yake yote bado imefungwa. Mama Yusta akaninong'oneza kuwa amekataa kufungua hata kapu la vyombo, anasema anarudi kwake. Anakula kwa majirani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Hakunitazama.

Nikaweka kikapu chini. Paka akanyamaza. Akaja mpaka kamba ikamkaza, akanyoosha shingo.

Bibi akaifungua ile kamba mwenyewe.

Paka akawanusa. Nikahofu harufu yangu itamfanya awakatae. Akawalamba vichwani, akajilaza ubavu. Wale watoto walinyonya mpaka usingizi ukawachukua, chuchu bado mdomoni.

Bibi akasema neno kwa Kiha.

"Anauliza walikuwa wangapi," Mama Yusta akaniambia.

"Watatu."

Akainamisha kichwa. Halafu akainuka, akafungua mzigo wa kwanza, akatoa blanketi kuukuu akamtandikia paka ndani, pembeni. Akafungua na kapu la vyombo. Akatoa chungu, akampa Mama Yusta mtungi, akasema kwa Kiswahili:

"Niletee maji. Mwalimu hawezi kuondoka hapa bila kula."

Tulikula ugali wa muhogo na maharage. Ndicho chakula cha kwanza kupikwa katika nyumba ile.

Nilichojifunza: ukikuta watoto wa paka, subiri, halafu uliza watu. Mimi nilisubiri lakini sikuuliza. Ningeuliza ile Jumatano, pengine wote watatu wangefika.

Aliyewahi kulea wa kuokota, au aliyekuwa Kasulu na Kibondo miaka ile, aandike hapa chini. Macho yangu ni mazito siku hizi, lakini nitasoma kila mmoja.