Kiti cha Aliyekuwepo

Aliitwa Mwenyekiti kwa sababu mbili, na ya kwanza haikuwa na ubishi: alikuwa fundi wa viti. Karakana yake ilijaa masofa yaliyochunwa kama mbuzi, marobota ya sponji, na misumari midogo ambayo aliibana midomoni hata akiongea, kwa hiyo kila neno lake, la kweli na la uongo, lilitoka kwa tahadhari.

Sababu ya pili ilikuwa lile tamasha.

Kila Jumamosi mchana wapenzi wa muziki walikusanyika hapo kusikiliza santuri na kutukanana kirafiki. Wenzake walikalia makochi ya wateja, springi zikiwachoma makalio. Kiti kimoja tu kilikuwa kizima, cha mikono, chenye mto wa mahameli, nacho kilikuwa cha Mwenyekiti. Hukumu zote zilitoka hapo: albamu ipi ni bora, mpiga besi yupi aliharibu bendi kwa kuoa. Ukimpinga, alikuwa na jibu moja.

"Wewe ulikuwepo?"

Hawakuwepo. Yeye alikuwepo kwenye tamasha hilo, siku bendi kubwa ilipopiga mara ya mwisho kabla ya kusambaratika. Na si kuwepo tu. Ngoma zilipozidi, yeye, katikati ya umati, alipaza sauti: "Punguza ngoma, tusikie maneno!" Mwimbaji akageuka, akacheka, na ngoma zikapunguzwa. Hadithi hiyo aliisimulia harusini na msibani, na msibani ndiko ilikopokelewa vizuri zaidi.

Mkewe alishona foronya za mito chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa plaiwudi. Mchango wake katika mijadala ulikuwa neno moja. Santuri ikipamba moto tu, ukuta uliita, "Punguza!" na Mwenyekiti alipunguza, akijifanya anafuta vumbi kwenye sindano.

Jumamosi moja akaingia Dereva wa gari la maiti, mpenzi wa muziki wa kelele, maana abiria wake hawajawahi kulalamika. Kwapani alikuwa na kitu bapa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Shikamoo hiyo ina nini nyuma yake?"

"Santuri. Nimeiokota kwa yule muuza vitu chakavu, ilikuwa chini ya pasi mbovu."

Jalada lilikuwa limeliwa na mende, lakini maandishi yalisomeka: tamasha la mwisho, limerekodiwa palepale jukwaani.

Mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa ameshindwa ubishi hapo tangu akiwa na nywele, aliruka kutoka kwenye kochi na kuiachia springi kipande cha suruali. "Yaani walirekodi? Basi leo tunakusikia!"

Mwenyekiti akatema misumari yote. "Chakavu hiyo. Itaniharibia sindano."

"Sindano nimekuja nayo," alisema Dereva.

Upande wa kwanza ulikwisha bila kitu. Mwenyekiti akachangamka usoni. "Mnaona? Walikata ile sehemu. Wivu wa kisanii huo."

"Geuza," alisema Mwalimu.

Upande wa pili, ngoma zilianza kupanda, zikafunika gita, zikafunika mwimbaji. Ndipo mbali kwenye umati ikapasuka sauti nyembamba, kali, ya kike: "Punguza ngoma, tusikie maneno!"

"Haya, dada, tumesikia," alijibu mwimbaji akicheka, na ngoma zikashuka.

Kisha ukuta wa plaiwudi, kwa sauti ileile iliyoongezeka uzito kidogo, ukasema:

"Punguza!"

Mwalimu aliutazama ukuta, akaitazama mashine. "Rudisha hapo."

Sindano ikarudishwa. Dada akapiga kelele tena. Ukuta ukajibu: "Jamani, si nimesema mpunguze?"

"Shemeji!" aliita Dereva. "Hebu njoo mara moja."

Alikuja na futi ya kupimia shingoni. Wakampigia ile sehemu ya santuri. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anayeangalia mshono.

"Kumbe walirekodi. Siku hiyo kichwa kilikuwa kinaniuma, na yule mpiga ngoma alikuwa kama anapasua kuni."

"Na huyu alikuwa wapi?" aliuliza Mwalimu.

Mwenyekiti alikuwa anapigilia msumari kwenye kiti ambacho hakikuuhitaji.

"Huyu? Hata hatukuwa tunajuana. Nilimsimulia wakati ananichumbia. Akaipenda sana, nikamwachia."

"Miaka yote hii umenyamaza, shemeji?"

"Anaisimulia vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa naisahau ile ya mwimbaji kugeuka. Halafu ndoa ina mambo mengi ya kugombania, baba, hayo ya bendi ningeyaweka wapi?"

Mwenyekiti aliweka nyundo chini. Aliuchukua mto wa mahameli, akaupiga vumbi mara mbili tatu, akaurudisha mahali pake.

"Kaa basi, mke wangu."

Alikaa. Mwalimu hakutaka kupoteza muda. "Haya shemeji, tuamulie. Albamu bora ni ile ya kwanza au ya tatu?"

"Zote kelele tu."

Mwalimu alifungua mdomo kupinga. Kabla hajatoa neno, kutoka kwenye kochi bovu, huku akijisogeza springi isimchome, Mwenyekiti akamwuliza:

"Wewe ulikuwepo?"