Buibui Asiye na Kwao

Ndani ya kichupa mlikuwa na buibui mmoja, mdogo kuliko punje ya ulezi, na kikaratasi cheupe pe. Maandishi yote yalikuwa yameyeyuka. Mama Hadubini, kama walivyomwita wenzake wa hifadhi, alikikodolea macho mpaka jasho jembamba likamtoka.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwafundisha wageni wa maabara kwamba lebo ya ndani ya spiriti huandikwa kwa penseli, kwani wino hauihimili. Juzi msituni, mvua ikimcharaza, penseli ilimvunjikia, naye akashika kalamu ya wino. Sasa hakuweza kuapa kama buibui yule alitoka bondeni au mlimani. Na saa sita mchana kamati ingeamua kama bonde litolewe kwenye hifadhi na miti yake ikatwe. Buibui wa aina hiyo, asiyepata kuonekana popote pengine duniani, ndiye angekuwa kinga pekee ya bonde, kama ingethibitika kwamba anaishi humo.

Mficha uchi hazai. Alimweleza mkuu wake kila kitu. Mkuu akamshauri aandike "bonde" yaishe, nani angejua?

"Nikidanganya kuhusu huyu mmoja, nani ataviamini vichupa vyangu elfu nne vilivyomo maabarani?" alijibu. "Nipe mpaka saa sita."

Shemeji yake, askari wa hifadhi, alimkimbiza bondeni kwa pikipiki. Wakachekecha majani makavu juu ya shuka jeupe, gunia baada ya gunia. Walidondoka utitiri, wakadondoka nge bandia wasio na mkia, wakadondoka buibui wachanga wasiofaa kitu, maana bila dume aliyekomaa aina haitambuliki.

"Shemeji, tangu lini buibui akadaiwa kitambulisho?"

"Wewe chekecha. Kaka yako nilimkubali bila kukiona chake."

Saa tano na nusu ikapita. Akaongeza kasi hata chekeche ikagonga jiwe. Hapo nukta moja ikajongea pembeni mwa shuka. Aliinama na lenzi, pumzi ameibana. Vipapasio viwili vya mbele vilikuwa vimevimba kama ngumi za bondia.

Akapiga simu. "Ni dume wa aina ile ile, amekomaa. Nimemtoa bondeni kwa mkono wangu, na shemeji ni shahidi."

 Kiti kilisikika kikiburutwa, kisha sauti ya mkuu, mbali na simu, ikiwaomba wajumbe wa kamati wasipige kura kwanza.