Kompyuta Iliyolala Chini ya Kitambaa

"Lakini Madam, kama ni vumbi, mbona siku ya soko kompyuta haikukataa?"

Hivyo ndivyo nilimjibu, mbele ya wateja wawili wenye walikuwa wanangoja barua zao. Madam hakuwa anajibiwa. Alikuwa amefanya usekretari kwa ofisi za watu miaka mingi kabla afungue hiyo ofisi yake ya kupiga chapa hapo mjini Kakamega, na mimi nilikuwa na miezi miwili tu kwa kazi. Lakini nilikuwa nimechoka kuambiwa vumbi.

"Siku ya soko watu waliingia bila kuvua viatu," nikaendelea. "Hatukufunika mashine hata mara moja, na printa ikatoa karatasi mpaka jioni. Leo tumefagia, tumepanguza, tumefunika, na imekataa. Ni vumbi gani hiyo inaogopa soko?"

Mteja mmoja akacheka, na hapo ndipo niliharibu.

"Wewe mtoto," Madam akasema polepole, "kesho saa sita fundi anakuja kufungua hii mashine. Akipata kitu imeungua ndani kwa sababu unaachanga kompyuta uchi, utachukua mkoba wako urudi kwenu Malinya. Sitaki maneno."

Kompyuta zilikuwa mbili. Yangu ilikuwa kwa dirisha, ya Madam kwa ukuta, na waya mweusi ulipita chini ya zulia kuziunganisha. Printa ilikuwa imefungwa kwa ile ya Madam. Kwa hivyo kila kitu nilipiga ilibidi ipite kwake ndio itoke kwa karatasi. Kama yake imekataa kusikia yangu, mimi nilikuwa tu msichana amekaa mbele ya televisheni. Na hiyo ilikuwa wiki ya mitihani ya mwisho wa muhula. Walimu walikuwa wanatuletea karatasi zao tuwapigie, na zingine zilitakikana Jumatatu.

Shida ilianza fundi wa Kisumu alipokuja kutuwekea ile programu mpya ya kuendesha kompyuta. Alisema ya zamani imepitwa na wakati. Akaweka, akakunywa soda, akaenda. Kutoka siku hiyo, tukirudi kutoka chai ya saa nne, kompyuta ya Madam tunaipata nyeusi. Ukigusa keboadi inaamka, lakini inaamka kama mtu amesahau jirani yake. Yangu inaiita, hakuna jibu. Mpaka uizime kabisa na uiwashe tena. Chakula cha mchana, tena vile vile.

Sasa, hii maneno ya kufunika. Madam alitoka kwa taipureta, na taipureta ilikuwa inafunikwanga kila ukisimama. Kwa hivyo kompyuta zetu zilikuwa na vitambaa vyeupe vya kroshia, amefuma yeye mwenyewe, na maua ya kijani pembeni. Saa nne unafunika. Saa saba unafunika. "Mashine ni kama mtu, ipumzike," alikuwa anasema. Hakuna mwenye aliona saa gani skrini inaingia giza, kwa sababu sisi wote tulikuwa tunaangalia maua.

Mimi naandikanga. Tangu Form Two nimekuwa na daftari ya kuandika siku yangu, hata kama ni siku ya bure. Basi nikaanza kuandika saa. Tumefunika saa nne, tumefunua saa nne na nusu, imekataa. Tumefunika kidogo tu, mgeni ameingia, tumefunua haraka, haijakataa. Siku ya soko, kazi ni mingi, tunakula kwa zamu, hakuna kufunika: haijakataa kutwa nzima. Baada ya wiki mbili hata mtoto wa darasa la tatu angesoma hiyo ukurasa na aelewe. Haikuwa kitambaa, wala vumbi. Ilikuwa ni kuachwa bila kuguswa. Hii programu mpya ilikuwa inalalisha mashine.

Nikatafuta ndani ya hiyo programu, kwa kompyuta ya Madam, mpaka nikapata mahali imeandikwa ilale baada ya dakika ishirini. Nikaandika isilale kamwe. Nikamwambia Madam, kwa kiburi kabisa, "Imeisha hiyo." Kesho yake saa nane tukafunua, nyeusi.

Fundi alipopigiwa simu akataka kuongea na mimi.

"Siste, ulisomea kompyuta wapi?"

"Sikusomea. Naitumianga tu kila siku."

"Hata cherehani inatumiwanga kila siku. Wacha mafundi wafungue."

"Fundi wa cherehani anaulizanga kwanza mwenye anashona," nikasema. Akakata. Akamwambia Madam baadaye kwamba kadi ya kushika huo waya imeungua, na ni vumbi.

Jioni hiyo ya kugombana, Madam alienda maombi, mimi nikabaki kufagia. Nikaizima kompyuta yake, nikaiwasha, na kabla haijaamka vizuri nikashika kile kitufe nilikuwa nimeona fundi akishika. Ikaja skrini ya bluu, maneno mengi. Nikasoma mstari kwa mstari na kidole. Na hapo katikati nikapata: amri ingine ya kulala, ya mashine yenyewe, chini ya programu yote. Ile programu ya zamani lazima ilikuwa inaipuuza. Hii mpya inaitii.

Sikuigusa. Sikutaka kuirekebisha kama mwizi, halafu saa sita fundi afike aseme ni yeye ameiponya.

Senje yangu, dada ya baba, ndiye nilikuwa naishi naye Lurambi. Nikamweleza yote akichambua mboga.

"Mukhana, msichana wangu, omba tu msamaha," akasema. "Na upange nguo zako, isiwe aibu ya haraka."

"Msamaha ya nini, senje? Ya kusoma saa?"

"Ya mdomo."

Hiyo ya mdomo nilikubali, kidogo. Nikafungua daftari nikaandika vile nitafanya. Nitafika kabla Madam afungue. Viatu nitavua mlangoni, kwa sababu na viatu sina vita. Nitamwomba msamaha ya kufanya wateja wamcheke, ya hiyo peke yake. Halafu nitafungua ile skrini ya bluu yeye akiona, nibadilishe huo mstari mmoja, nimwombe afunike kompyuta na kitambaa chake, kwa mkono wake, tukae saa nzima bila mtu kuigusa. Kisha nitatuma mtihani wa hesabu wa darasa la saba kutoka kwa kompyuta yangu ya dirisha, na fundi akifika apate karatasi zikiwa bado moto.

Na mkoba nitauacha chini ya kitanda, bila kitu ndani.