Masanja, Ile Chupa Ilikuwa na Nini?

Nilikuwa nimeanguka kwenye tuta la mchicha, mate yananitoka kama mbwa mgonjwa, nimejiharishia mpaka miguuni. Saa nne asubuhi, jua linawaka, mimi naona giza. Wifi yangu Kabula, dada wa mume wangu, ananipanua mdomo ananimiminia maziwa. "Kunywa wifi, yanakata sumu!" Yakapita njia ya hewa. Hapo nikajua nakufa.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kazi. Naitwa Mama Ngolo, nakaa Igogo. Shule niliishia la tano. Nilikuwa na matuta kumi na moja karibu na ziwa, mboga nauza mwenyewe sokoni Mabatini.

Wadudu wakaingia kwenye mchicha. Nikaenda kwa Masanja, muuza dawa za kilimo pale Mabatini. Akanimiminia dawa kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala jina. Nikamuuliza, "Ndiyo ya mboga hii?" Akasema, "Mdudu ni mdudu, mama. Changanya na maji, rusha."

Pampu sina. Nikawa nachovya ufagio kwenye ndoo narushia majani, miguu peku, kitenge kimelowa kimenigandia tumboni. Tuta la tatu sikulimaliza.

Hospitali daktari akauliza, "Dawa gani? Inaitwaje?" Kabula akatoa chupa ya soda. Daktari akainusa kwa mbali. "Kama ile kali ya kupulizia pamba. Lakini bila jina nakisia tu." Wakanitibu kwa kukisia. Siku tisa na mpira puani.

Nikarudi nyumbani mzigo. Vidole ganzi, kikombe kinaniponyoka. Nikisikia harufu ya majani mabichi najifungia ndani, na mimi chakula changu kilitoka kwenye majani.

Nesi wa zahanati akaniambia kuna mafunzo ya bustani kila Jumamosi, nyuma ya zahanati, ya watu waliochoka mwili na roho. Kabula akanikokota. Jumamosi mbili nilikaa pembeni, mikono nimeificha kwenye kitenge. Mzee Magesa, aliyepooza upande mmoja, akanitania, "Mama Ngolo, mchicha hauna meno."

"Na wewe mzee, kilichokung'ata nini?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu ile chupa.

Jumamosi ya tatu, mwalimu wa bustani akaniambia, "Usilime. Shika udongo tu." Nikashika. Ubaridi wake nikausikia mpaka kwenye kidole kilichokufa. Nikalia pale pale, watu wakaniacha nilie.

Leo nina matuta mawili. Wadudu nawapiga kwa majivu na mwarobaini. Nachoka haraka, kikombe bado kinaniponyoka siku nyingine. Nawashukuru wale wa Jumamosi. Na wewe unayelima, usikubali dawa isiyo na jina. Mtu akidhurika usimpe maziwa, mkimbize hospitali na kopo la hiyo dawa.

Juzi nimemkuta Masanja anammiminia binti mwingine, mtoto mgongoni, dawa kwenye chupa ya soda kama ile yangu. Nikapiga kelele. Akanijibu mbele ya wateja, "Mimi niliuza dawa ya wadudu. Nani alikwambia uoge?" Nikaenda kumshtaki kwa mtendaji wa kata. Akaniambia, "Mama, si umeshapona? Mshukuru Mungu."

Mungu nimemshukuru. Sasa namtaka Masanja asimame mbele ya watu wa Mabatini, na mtendaji pembeni yake, ajibu lile swali la daktari. Ile chupa ilikuwa na nini?