Muulize Mkewe Kwanza

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya leseni za bunduki hapa Kisumu, mimi msichana wa mtaa wa Obunga nilivaa viatu vinavyong'aa nikidhani nitapewa bastola. Mkuu wangu, Inspekta, alinipa chai na kazi ya kutembea.

"Konstebo, wewe utapiga watu msasa," alisema. Maana yake ni kumchunguza anayeomba kumiliki bunduki: hasira zake, pombe yake, nyumba yake. "Ukifika kwake, muulize mkewe kwanza. Mwanamume atakueleza majambazi. Mkewe atakueleza mwanamume."

Vijana hunibishia kwamba sheria kali huwaumiza watu wema, maana jambazi haombi kibali. Kweli, haombi. Lakini mimi nilitumwa Port Victoria, mji wa wavuvi kando ya ziwa.

Baba Akinyi, mfanyabiashara wa samaki, alikuwa amevamiwa na wezi wenye bunduki kwenye banda lake. Mkono ulikuwa bado kwenye bendeji. Nilimwonea huruma; ingekuwa hiari yangu, angepata bastola siku hiyohiyo. Nikamfuata mkewe uani, alikokuwa akianika omena, dagaa wa ziwani.

"Afande, wezi wamekuja mara moja," alisema bila kuinua kichwa. "Huyu analewa kila Saturday. Akilewa, panga naficha kwa jirani. Sasa bunduki nitaficha wapi?"

Tulimnyima. Mwaka haukuisha, wezi walirudi wakamvunja mguu. Nilipomtembelea hospitalini aligeukia ukuta. Iliniuma, na bado inaniuma. Inspekta hakunipa hotuba, alinimiminia chai tu.

Sasa nimestaafu, na kazi ile naikumbuka mno: vumbi la njiani, harufu ya omena kwenye sare, hata ukali wa Inspekta, Mungu amrehemu. Juzi pale sokoni Mamboleo nilimwona Baba Akinyi akichechemea na fimbo, mkewe akichagua nyanya kando yake. Alinitambua upesi.

"Afande, ungenipa ile bunduki, leo ningetembea vizuri."

"Labda, Mzee," nilisema.

Mama Akinyi aliweka nyanya kwenye kikapu, akamshika mumewe kiwiko ili wavuke barabara.

"Yeye angetembea," aliniambia. "Mimi je? Afande, panga bado iko kwa jirani."